Nani Atie Sahihi? Wasomaji Wauliza Kuhusu Mtaalamu Mwandamizi wa Maabara

Barua za safari hii zimetoka Likoni, Kisauni, Changamwe na Kisiwani, na nyingi zazunguka jambo moja: mwandamizi wa maabara afanya nini ambacho fundi wa kawaida hafanyi, na mtu afikaje hapo. Baadhi tumezifupisha.

SWALI: Nina miaka minne katika maabara ya kupima maji na vyakula. Mashine zote nazijua, hata zile ambazo mkubwa wangu hazigusi. Nimeona tangazo la kazi lataka mtaalamu mwandamizi. Kwani nisiombe tu? (F.M., Mikindani)

JIBU: Omba, lakini usiende ukajisifia mashine. Kuziwasha, kuzisafisha na kusoma namba ni kazi ya fundi, na fundi mzuri humshinda mkubwa wake hapo bila taabu. Mwandamizi huulizwa jambo jingine: namba hii uliyoitoa, waiamini kwa sababu gani? Akishatia sahihi kwenye cheti cha matokeo, kontena la samaki litaondoka bandarini au litazuiliwa, kisima kitafungwa au kitaendelea kuuza maji.

Kipimo kipya hakianzi kutumiwa kwa wateja kabla yeye hajakihakiki. Tuchukue nitrati kwenye maji. Kwanza hupima maji yasiyo na nitrati kabisa mara 10, aone mashine yasoma nini pale ambapo hakuna kitu. Halafu huirudia sampuli moja mara 7 hadi 10, kwa siku mbalimbali na kwa mikono ya watu mbalimbali, aone namba zatawanyika kiasi gani. Kisha hutia kiasi anachokijua: sampuli iliyosoma miligramu 10 kwa lita huiongezea nyingine 10, kwa matone machache ya myeyusho mkali ili ujazo usibadilike. Yapasa isome karibu na 20. Ikisoma 14, basi katika zile 10 alizotia zimeonekana 4 tu, yaani asilimia 40, na ndani ya maji hayo mna kitu kinachoificha nitrati. Visima vya pwani vina desturi hiyo, kwa kuwa kloridi nyingi huvuruga baadhi ya njia za kupima nitrati. Asiyefanya jaribio hili atatoa vyeti vizuri vya maji mabaya mwaka mzima.

Mengine hayana mbwembwe. Huandika na kuidhinisha mwongozo wa kila kipimo, hupanga ratiba ya kalibresheni (kuilinganisha mashine na kiwango kinachojulikana), huagiza vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kabla havijaisha, huchunguza hitilafu, na hufunza watu na kuwapa idhini kipimo kwa kipimo, maana aliyeruhusiwa kupima pH hajaruhusiwa kupima madini ya risasi. Wakaguzi wa KENAS, shirika la Kenya la kuzipa maabara ithibati, wakija, yeye ndiye akaaye nao. Na hapa wengi hukosea: ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa umahiri, halipewi jengo wala kampuni, hupewa vipimo vilivyotajwa kwenye orodha ya ithibati hiyo. Maabara yaweza kuwa na ithibati ya kloridi na isiwe nayo ya zebaki. Akitia nembo ya ithibati kwenye cheti cha zebaki, kosa ni lake.

Kwa hiyo andaa faili kabla ya mahojiano. Weka humo kipimo ulichokihakiki pamoja na namba zake, hitilafu moja uliyoifuatilia mpaka ukakipata chanzo chake, na kumbukumbu za mtu uliyemfunza. Kurasa hizo chache zina uzito kuliko orodha ya mashine 20.

SWALI: Assalamu aleikum. Kijana wangu amemaliza Fomu Foo, apenda Kemia na Biolojia. Watu waniambia asome mambo ya maabara kwani kazi haikosi. Aanzie wapi, na huo uandamizi ataufikia lini? (Mama wa Likoni)

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kabla ya kuchagua chuo, kijana achague sampuli: ataka kupima nini?

Ikiwa ni damu, mkojo na makohozi ya wagonjwa, njia yake imewekwa na sheria. Sheria ya mwaka 1999 iliunda bodi ya mafundi na wataalamu wa maabara za tiba, ile iitwayo KMLTTB, na haruhusiwi mtu kupima wagonjwa bila kusajiliwa nayo na kuwa na leseni hai. Bodi hiyo ndiyo iidhinishayo vyuo na kozi. Basi usitoe hata shilingi ya karo kabla hujaulizia kozi yenyewe, kwa jina lake kamili, kama imo katika orodha yao, na alama gani zatakiwa katika masomo ya sayansi. Shahada ya kemia ya kawaida, hata iwe ya daraja la kwanza, haifungui mlango huu. Wako waliogundua hilo baada ya miaka minne ya chuo, na yauma.

Ikiwa ni maji, udongo, vyakula, mafuta, saruji au viumbe vya bahari, hana haja ya leseni hiyo. Asome kemia, biokemia, mikrobiolojia au kemia ya uchanganuzi. Mwenye C+ aingia shahada moja kwa moja, mradi alama za masomo husika zitoshe. Mwenye C- aweza kuanza na diploma. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hapo Tudor, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, vyafundisha sayansi. Hana haja ya kuvuka Voi kufuata jina.

Je, mwenye diploma aweza kuwa mwandamizi? Kiwango cha ISO 17025 cha mwaka 2017, kinachotumiwa na maabara za upimaji, hakitaji shahada yoyote. Chaitaka maabara yenyewe iandike elimu, mafunzo na uzoefu unaohitajika kwa kila nafasi, kisha ithibitishe kwamba mtu anavyo. Lakini waajiri wengi huandika shahada, na taasisi za utafiti, kama ile ya bahari na uvuvi yenye makao makuu hapa Mombasa, hupenda uzamili kwa nafasi za juu. Kwa hivyo diploma ni mlango halali, ila asikae mlangoni. Sisi twakadiria miaka mitano hadi kumi ya kazi baada ya chuo, na katika miaka hiyo asikimbie takwimu.

Jambo moja dogo: apimwe macho. Asiyetofautisha nyekundu na kijani atapata tabu na rangi za viashiria na vijidudu vilivyotiwa rangi chini ya hadubini, na ni afadhali ajue leo.

SWALI: Kwenye mahojiano niliambiwa nieleze namna ya kutengeneza lita moja ya asidi ya hidrokloriki ya molari 0.1 (moli 0.1 katika lita) kutoka chupa ya asilimia 37. Nikasema mililita 8.3, wakatazamana. Nilikosea wapi? (Kijana wa Tudor)

JIBU: Hesabu hukukosea. Asidi ya asilimia 37, yenye uzito wa gramu 1.19 kwa mililita, ina gramu 440 za asidi kamili katika lita. Gawa kwa 36.46, wapata molari 12.1, na lita moja ya molari 0.1 yataka mililita 8.3. Walikuwa wangoja kinachofuata, nawe ukanyamaza.

Asidi hiyo hutoa mvuke kila kifuniko kikifunguliwa. Chupa iliyofunguliwa tangu mwaka jana si asilimia 37 tena, hata kama karatasi yake yasema hivyo. Mililita 8.3 zakupa kitu kilicho karibu na 0.1, na karibu haitoshi kutiwa kwenye hesabu ya cheti.

Ungeendelea hivi. Ndani ya kabati la kufyonza mvuke, ukiwa na miwani na glavu, tia kama mililita 500 za maji yaliyosafishwa katika chupa ya ujazo, ndipo umimine asidi. Usianze na asidi. Acha ipoe mpaka joto la chumba, jaza hadi alama, funga, pindua chupa mara 15 au zaidi. Watu wengi hupindua mara tatu, kisha washangae kwa nini myeyusho wa juu na wa chini hautoi jibu moja.

Sasa itafute nguvu yake halisi. Kausha kaboneti ya sodiamu safi kwa nyuzi 250 kwa saa 4, iache ipoe ndani ya desiketa, chombo kisichoingia unyevu, upime kama gramu 0.13 kwenye mizani ya tarakimu nne. Iyeyushe kwa maji, tia matone ya kiashiria cha methili ya machungwa, dondosha asidi kutoka kwenye bureti, ule mrija wenye alama za ujazo. Rangi ikianza kugeuka, chemsha dakika chache kuifukuza kabonidioksidi, poza, umalizie tone kwa tone. Tuseme ulipima gramu 0.1310 na asidi iliyotumika ni mililita 24.10. Kila moli ya kaboneti, yenye gramu 105.99, yala moli mbili za asidi, kwa hiyo nguvu yake ni molari 0.1026. Rudia mara tatu, chukua wastani, uandike namba hiyo kwenye chupa pamoja na tarehe, jina la aliyetengeneza na siku ya kuisha. Aliyeandika 0.1000 kwa mazoea, kila tokeo atakalotoa na chupa hiyo litakuwa chini kwa asilimia 2.5, na hatajua.

SWALI: Soda kostiki yetu yalowa ikiwa bado iko kwenye mizani, na namba ya mizani haitulii. Tubadilishe mizani? (Maabara ya shule, Bamburi)

JIBU: Mizani haina kosa. Punje za soda kostiki hunyonya unyevu wa hewa na kabonidioksidi mbele ya macho yako, na huku pwani mambo huwa mabaya zaidi masika. Punje hizo hazipimiki kwa usahihi wowote. Tengeneza myeyusho mkali wa nusu kwa nusu kwa uzito, gramu 50 za punje kwa gramu 50 za maji, taratibu, kwani huchemka. Tumia chupa ya plastiki, maana kifuniko cha kioo kitaganda. Acha siku chache kaboneti itue chini, kisha chota mililita 5.3 za juu uziyeyushe katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Hapo una karibu molari 0.1, nguvu yake halisi itafute kwa potasiamu haidrojeni fthaleti iliyokaushwa.

Na mkiwa hapo, tazameni pangaboi au kiyoyozi kama kinaipulizia mizani. Chupa zenu za ujazo nazo zimeandikwa nyuzi 20. Chumba kikiwa nyuzi 30, lita hiyo hiyo ya maji yapungua gramu 2.5 hivi. Kwa somo la shule si neno. Kwa cheti ni neno.

SWALI: Kontroli yetu ya sukari, ile sampuli ya kuikagulia mashine, ina wastani wa milimoli 5.5 kwa lita na mkengeuko sanifu (kiasi namba zinavyotawanyika) wa 0.15. Jumatatu ilisoma 5.82, Jumanne 5.84. Mwenzangu asema turudie mpaka iingie ndani, tuendelee na wagonjwa. (Mteknolojia, Kisauni)

JIBU: Hebu mzuieni huyo mwenzenu kwanza. Kurudia kontroli mpaka ikubali ni kama kuchanganya karata mpaka zije unazozitaka.

Mpaka wa mikengeuko miwili kwenu ni 5.20 hadi 5.80, wa mitatu ni 5.05 hadi 5.95. Kontroli kutoka nje ya mpaka wa kwanza mara moja hutokea hata mambo yakiwa sawa, kiasi cha mara moja katika 20. Jumatatu, basi, lilikuwa onyo. Lakini mara mbili mfululizo, upande ule ule, ni kati ya zile kanuni za Westgard, za kusomea kontroli, zinazosema simama: kuna kitu kinachosukuma kila tokeo juu, na matokeo ya wagonjwa yamo humo humo. Yazuieni kwanza, hayatoki.

Kisha ulizaneni: kati ya Jumapili na Jumatatu kilibadilika nini? Kisanduku kipya cha kitendanishi? Kalibresheni? Au kichupa kipya cha kontroli? Sisi tungeanza na kichupa. Unga wa kontroli huyeyushwa kwa kiasi kamili, mara nyingi mililita 5. Pipeti iliyochoka ikitoa 4.7, myeyusho huwa mzito, na 5.5 yasomeka 5.85. Tazameni namba zenu. Fungueni kichupa kipya, pipeti iliyokalibiriwa, mfuate dakika zilizoandikwa, mkizungushe polepole bila kukitikisa hadi povu. Ikirudi 5.5, mmeshapata. Isiporudi, fanyeni kalibresheni upya, kisha tazameni kitendanishi, joto la chumba cha kupimia ndani ya mashine, na taa yake. Stima ilipotea mwisho wa wiki? Friji ya kitendanishi yapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na themometa inayohifadhi joto la juu na la chini itawaambia ilifika wapi mlipokuwa nyumbani.

Kontroli zikiruka huku na huku, leo juu kesho chini, hapo tafuteni kitu kisichotulia: mapovu, mrija unaovuja, mkono wa mtu.

Chanzo kikishajulikana kazi bado. Mwandamizi hurudi nyuma hadi kontroli ya mwisho iliyokuwa nzuri, na akiona kosa liliwagusa wagonjwa wa katikati, huzitoa sampuli zao na kuzipima tena. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu yahitaji kumpigia daktari simu. Na wastani wenu je, mliutoa wapi? Karatasi ya kiwandani ni ya kuanzia tu. Pateni walau namba 20 zenu wenyewe, za siku 20 mbalimbali.

SWALI: Nauza maji ya kisima kwa mikokoteni. Maabara moja imenipa kloridi miligramu 240 kwa lita, nyingine 310. Nimwamini nani? (Msomaji wa Kisauni)

JIBU: Waulize wote wawili, lakini jiulize nawe kwanza: maji uliyachota lini? Kisima kilicho karibu na bahari hubadilika kwa maji kujaa na kupwa, hasa siku za bamvua, na hubadilika pampu ikivuta muda mrefu. Maji ya bahari yana kloridi kama miligramu 19,000 kwa lita, hivyo bahari ikipenya kidogo tu namba yapaa. Sampuli ya asubuhi na ya jioni zaweza kutofautiana na maabara zote mbili zikawa sahihi. Acha pampu ivute dakika kadhaa, chota chupa mbili kwa wakati mmoja, peleka kila mahali moja. Tofauti ikibaki, ndipo uwalaumu.

Kipimo chenyewe ni cha kudondosha nitrati ya fedha ya molari 0.0141 katika sampuli iliyotiwa kromati ya potasiamu, mpaka manjano igeuke kuelekea wekundu wa matofali. Mfano: mililita 50 za maji zimetumia 24.2, na maji matupu, yaani yasiyo na kloridi, yametumia 0.2. Mililita 24.0 mara 0.0141 mara 35,450 (miligramu za moli moja ya kloridi), ugawe kwa 50, wapata 240. Asiyetoa ile 0.2 ya maji matupu atazidisha miligramu mbili. Kosa kubwa zaidi ni pH: ikiwa chini ya 7, kromati hugeuka umbo, rangi huchelewa, fedha nyingi yatumika na jibu lapanda. Ikipita 10, fedha yenyewe yaanza kuganda. Muulize mwandamizi wao maswali matatu: mlipima pH, mlitoa maji matupu, na kloridi imo katika ithibati yenu? Anayejua kazi hatakasirika.

Ladha ya chumvi huanza kusikika kwenye 250 hivi, kwa hiyo wateja wako huenda wameshakujibu.

SWALI: Mimi ndiye nitiaye sahihi. Kloridi ya maji ya mteja ilitoka 262, na mkubwa ataka niandike 248, iwe chini ya mpaka wa 250, kwa kuwa ni mteja wa zamani. (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Usiandike. Yeye ataka 248, lakini sahihi ni yako, na daftari la kwanza, uzani, kusoma bureti, vyote bado viko.

Fanya hivi badala ya kugombana. Toa ile sampuli iliyobaki, uipime mara mbili pamoja na kontroli ya kloridi unayoijua, na mwenzako awe ndiye asomaye bureti. Namba zote, ya zamani na mpya, zikae kwenye daftari. Kosa la kalamu likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, pembeni herufi za jina lako na tarehe, bila kufuta wala kupaka rangi nyeupe. Ikirudi 262, andika 262 pamoja na kiasi cha shaka ya kipimo chenu, umjulishe mkubwa kwa maandishi. Kanuni ya kulinganisha na mpaka wa 250 mngekubaliana na mteja kabla ya kupima; baada ya kuona namba umechelewa.

Na chupa usiimwage. Kloridi haiharibiki upesi, sampuli iliyofungwa vizuri hukubalika hadi siku 28, kwa hiyo mteja akilalamika ipo ya kupelekwa maabara nyingine. Iandike tarehe, uifungie.